POPO KATIKA LUPANGO LAKO



Siku ya kupima kilo watoto, maswali juu ya popo hayakosi. Mama mmoja anauliza kama ni popo anayeleta Ebola. Mwingine anauliza kama embe lililoumwa na popo linaweza kuliwa. Mwingine anasema mume wake anataka kukata mwembe mzima ili popo waondoke, na mwembe ule ndio kivuli cha lupango, ndio chakula cha watoto wakati mfuko ni mtupu. Kwa hiyo tumeandika karatasi hii kwa ajili yenu, wamama wa Kabondo. Isome polepole. Kama macho yamechoka, mwite mtoto anayesoma shule akusomee kwa sauti. Naye atajifunza, na pengine yeye ndiye anayehitaji zaidi, maana ndiye mwenye manati mfukoni.

POPO NI MNYAMA GANI?

Wengi kati yenu mnamwita ngembo, kwa Lingala. Popo si ndege. Hana manyoya ya ndege, hatagi mayai. Ana nywele mwilini, ana meno, anazaa na kunyonyesha. Popo jike ana matiti mawili, tena yapo kifuani, karibu na makwapa, kama yako wewe. Anapotoka kutafuta chakula mtoto wake angali mchanga, mara nyingine hubeba mtoto akiwa ameng'ang'ania tumboni kwake. Mtoto akiwa mzito, mama humwacha mahali pa kulala pamoja na watoto wengine, naye akirudi humtafuta kati ya wengi, anamjua kwa sauti na kwa harufu.

Yule mkubwa mwenye rangi ya majani makavu, anayelala juu ya miti mirefu pamoja na wenzake mamia na maelfu, huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Mabawa yake yakifunguliwa yanafika sentimita 75 hivi, lakini mwili wenyewe ni wa gramu mia mbili na kitu, mpaka mia tatu. Uzazi wake ni wa ajabu. Mwaka 1965 mtaalamu Mutere alieleza habari za popo wa Kampala, katika Uganda, mji ulio karibu sana na mstari wa ikweta kama Kisangani yetu. Aliona kwamba jike hushika mimba kati ya mwezi wa nne na wa sita, lakini kile kiini cha mimba hakijishikizi upesi kwenye ukuta wa tumbo la uzazi. Kinangoja. Kinakaa miezi mitatu au zaidi bila kukua, halafu karibu na mwezi wa kumi au wa kumi na moja ndipo kinashika na kuanza kukua. Mtoto anazaliwa mwezi wa pili au wa tatu, wakati mvua zinakuja na matunda yanafuata. Sisi wanadamu hatuwezi kufanya hivyo, mama. Wewe ukikosa siku zako usingoje, njoo kwenye CPN mapema.

Kuna na popo wengine. Kuna yule dume mwenye kichwa kirefu kama cha farasi, popo mkubwa kuliko wote wa Afrika bara. Madume hukusanyika usiku kwenye miti ya kando ya mto, wanapiga kelele nzito, kwok, kwok, kwok, wakiita majike. Kuna mwingine mdogo zaidi anayeita kama mtu anayepiga filimbi, sauti moja tu, tena na tena, mpaka usingizi unapotea. Hao wote wanakula matunda. Halafu kuna wale wadogo kabisa, wanaokaa chini ya mabati na ndani ya dari, wanaotoka jioni kama moshi. Wale hawagusi embe lako. Chakula chao ni wadudu.

SAUTI ZA USIKU SI NDOKI

Tunapenda kusema neno hili mapema, kwa sababu ndilo linaloumiza watoto wengi kuliko meno ya popo.

Utasikia watu wanasema: popo amelia juu ya nyumba, asubuhi mtoto ana homa, basi kuna ndoki ndani ya lupango. Kisha wanaanza kutafuta ni nani. Mara nyingi wanamwonyesha koko mzee asiye na nguvu, au mtoto yatima aliyekuja kukaa kwa mama mdogo wake. Mtoto huyo anapigwa, ananyimwa chakula, anafukuzwa, analala sokoni. Na yule mwenye homa? Anapelekwa huku na huku kutolewa ndoki, siku mbili, siku tatu. Siku hizo ndizo malaria inazotumia kumaliza damu ya mtoto.

Fikiri kidogo. Popo analia kila usiku wakati wa maembe. Mbu naye anauma kila usiku. Ukitafuta, hutakosa kuona usiku ambao popo alilia na asubuhi mtoto akaugua. Lakini aliyemwuma mtoto ni mbu. Mtoto akiwa na mwili wa moto, mlete kwenye kituo cha afya siku ileile, tutamchoma kidole kidogo tu na kupima damu. Usingoje usiku upite kusikiliza kama popo atarudi. Atarudi. Mwembe wako una maembe.

KAZI YA POPO

Wamama wengi wanajua mti wa kambala, ule ambao maseremala wanaupenda kwa milango na vitanda, na wafanya biashara wanauita pia iroko. Mbegu zake ni ndogo sana, zimo ndani ya tunda laini. Popo mkubwa anakula tunda lile usiku, anaruka mbali, na mbegu zinaanguka pamoja na mavi yake mahali pengine, mara nyingi mahali palipokatwa miti, palipo wazi. Wataalamu waliochunguza jambo hili katika Ghana waliona kwamba popo huyo ndiye mpandaji mkubwa wa kambala. Ndege na nyani hula pia, lakini hawaendi mbali hivyo. Na mti wa sufi, ule wa kujazia mito, hufungua maua yake usiku. Popo akija kunywa mayi matamu ya ua, anabeba unga wa ua usoni kwake mpaka mti mwingine, na ndipo tunda linashika.

Popo hawa wanasafiri sana. Kila mwaka mwishoni, mamilioni yao hukusanyika katika msitu mdogo wa Kasanka, nchi ya Zambia. Wataalamu waliwafunga wanne vyombo vidogo vya kuwafuata kwa setelaiti. Walipoondoka Kasanka walielekea huku kwetu Kongo, na mmoja wao alipita zaidi ya kilomita 2500 katika siku 149. Hakuna mtu aliyempa karatasi ya safari wala kumdai pesa kwenye barrière.

Wale wadogo wa darini wanakula wadudu usiku kucha: nondo, mbawakawa, kumbikumbi, na mbu pia. Lakini usidanganyike. Kuna watu wanaosema popo wanamaliza mbu, chandarua hakina kazi. Si kweli. Mbu wa malaria anakuuma saa za usiku, ndani ya nyumba, popo yuko nje juu angani. Popo darini au bila popo darini, mtoto alale ndani ya chandarua.

HATARI ZINAZOMPATA POPO

Mama anaweza kusema: sisi ndio tuko katika hatari, si popo. Lakini tazama.

Hatari ya kwanza ni mtego, wavu na bunduki. Popo mkubwa hulala mahali pamoja na wenzake, mchana kweupe, juu ya mti unaojulikana na kila mtu. Mwindaji hana haja ya kumtafuta. Katika Ghana peke yake wataalamu walihesabu kwamba popo zaidi ya 100 000 wanauzwa kila mwaka. Huku kwetu Kisangani nao wanauzwa sokoni pamoja na nyama nyingine za pori. Sasa piga hesabu kama unavyopiga ya kuku wako. Kuku anataga, anaatamia, anatoa vifaranga wanane, kumi. Ukila wawili wengine wanabaki. Popo anatoa mmoja kwa mwaka. Ukiua jike katika miezi ile ya watoto, umeua wawili, maana yule aliyeachwa mtini hakuna popo mwingine atakayemnyonyesha. Atalia usiku mmoja au mbili, kisha ataanguka chini, na mtoto wako atamwokota. Hapo ndipo hatari ya popo na hatari ya mtoto wako zinapokutana. Popo wa rangi ya majani makavu bado ni wengi wakionekana, lakini tangu mwaka 2008 amewekwa kati ya wanyama walio karibu na kuingia katika hatari ya kupungua vibaya, kwa sababu ya uwindaji na kukatwa kwa miti.

Miti ni hatari ya pili. Kila mama anajua makala yanatoka wapi. Msitu wa hifadhi ya Masako, ulio kilomita kama 15 tu kutoka mjini, umeliwa pembeni kwa ajili ya makala na mashamba. Kadiri miti mirefu ya porini inavyopungua, popo wanakuja kwenye maembe, mapera, paipai na avoka za mjini. Watu wanasema, popo wamezidi. Wengi hawakuzidi, wamehama tu kwa kukosa mahali pa kukaa. Kumkatia mti wa tatu hakutamrudisha kwenye mti wa kwanza.

Halafu manati. Watoto wetu ni hodari, jiwe moja linavunja mfupa wa bawa. Mfupa wa bawa la popo ni kama kidole kirefu, mwembamba kuliko kijiti cha kiberiti. Popo aliyevunjika bawa hafi upesi. Anatambaa chini, anauma kila anayemshika. Mtoto anampeleka nyumbani amfunge kamba mguuni kama ndege, awaonyeshe wenzake. Hili tunalikataza kabisa.

Kuna pia moto: watu wanawasha moshi wa pilipili au mpira wa gari chini ya dari ili popo watoke. Nyumba zimeungua kwa njia hiyo. Kuna sumu ya wadudu inayomwagwa darini. Popo wanaanguka mmoja mmoja ndani ya nyumba, juu ya kitanda, ndani ya sufuria, na sumu yenyewe inabaki mahali mtoto anapopumua. Kuna nyaya za umeme: popo mkubwa akigusa nyaya mbili kwa mabawa yake anakufa palepale na kubaki ananing'inia. Kuna paka.

Watu wakitaka, popo wanarudi. Katika kisiwa cha Pemba, Zanzibar, kuna popo mkubwa mwekundu asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Mwaka 1989 waliobaki walikuwa wachache sana, kwa sababu ya bunduki na kukatwa kwa misitu. Wanakijiji wenyewe wakaunda klabu za kuwalinda. Katika kijiji cha Kidike waliulinda msitu wanamolala na kuwapokea wageni wanaotaka kuwatazama, pesa kidogo ikaingia kijijini. Mwaka 2007 popo wale walikadiriwa kuwa zaidi ya 18 000.

NA MAGONJWA JE?

Hatutakuficha. Popo anaweza kubeba magonjwa, na mengine ni mabaya sana. Lakini ujue ni popo gani, na ugonjwa unapitia wapi.

Ebola ilijulikana mara ya kwanza mwaka 1976 pale Yambuku, karibu na Bumba. Watu 318 waliugua, 280 walikufa. Wamama wajawazito walikuwa wengi kati yao, kwa sababu sindano chache zilitumiwa kwa watu wengi bila kuchemshwa vizuri. Tangu hapo imerudi mara nyingi katika nchi yetu, na ile kubwa kabisa ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, kati ya mwaka 2018 na 2020, iliua watu 2287. Watu wale hawakuumwa na popo. Karibu wote waliipata kwa mtu: kwa kumwosha mgonjwa, kugusa matapishi na damu, kuosha maiti. Wataalamu wanafikiri mwanzo kabisa wa Ebola unatoka kwa popo wanaokula matunda. Katika Gabon walipata alama za virusi ndani ya damu na viungo vya popo wa aina tatu, habari iliyotolewa mwaka 2005. Yule mwenye kichwa cha farasi na yule wa filimbi wamo kati ya hao watatu. Lakini virusi vyenyewe vikiwa hai havijawahi kutolewa ndani ya mwili wa popo wa porini. Mama mwenye mimba awe na hofu ya haki juu ya ugonjwa huu, maana ukimpata, karibu kila mara mtoto wa tumboni hapone.

Marburg ni ndugu ya Ebola, na hapa mambo ni wazi zaidi. Kati ya mwaka 1998 na 2000 ugonjwa huu uliwapata watu 154 pale Durba na Watsa, ambako wakati ule kulikuwa jimbo moja na sisi. Waliokufa ni 128. Wengi wa kwanza walikuwa wachimba dhahabu wa mgodi wa Goroumbwa, ambamo popo wa mapangoni walikuwa wengi. Mgodi ulipojaa mayi, ugonjwa ulikoma. Popo wa Marburg mchana analala pangoni na machimboni. Si yule anayelala kwenye mwembe, wala si yule mdogo wa darini kwako. Kama mume wako au mtoto wako anaingia mashimo ya dhahabu, ongea naye juu ya jambo hili usiku huu.

Sasa sikiliza habari ya Kitaka, maana inajibu lile swali la mume anayetaka kuua wote. Kitaka ni mgodi katika Uganda ya magharibi. Mwaka 2007 wachimbaji waliugua Marburg, na virusi vilipatikana ndani ya popo wa mle. Watu wakaamua kuwamaliza. Waliwatega kwa nyavu, wakaziba milango, wakawaua maelfu kwa maelfu, mpaka mgodi ukawa mtupu. Wakashukuru. Mwaka 2012 ugonjwa ukarudi katika wilaya za Ibanda na Kabale. Wataalamu waliporudi Kitaka walikuta popo wamekwisha kuingia tena, wachache tu ukilinganisha na zamani. Lakini walipowapima, wenye virusi walikuwa 13 katika kila mia. Kabla ya kuua walikuwa 5 tu katika mia. Sababu inaeleweka: waliokufa ni pamoja na wale waliokuwa wamekwisha kuugua na kupona, wenye kinga mwilini. Walioingia mahali pao walikuwa wageni na vijana ambao hawakuwahi kuugua, virusi vikawapita kama surua inavyopita kwa watoto wasiochanjwa. Wewe uliyemleta mtoto kwenye chanjo ya surua unalielewa neno hili kuliko wengi.

Popo wadogo wa darini nao walichunguzwa. Mwaka 2018 kule Sierra Leone walipatikana na virusi vya ukoo wa Ebola vinavyoitwa Bombali, na baadaye vikapatikana Kenya pia. Hakuna mtu aliyejulikana kuugua kwa virusi hivyo. Hata hivyo, usiwashike.

MATUNDA, MAYI NA NYAMA

Embe lenye alama ya meno, au lililotafunwa nusu, usimpe mtoto, wala usilikate upande mzuri umpe. Mate ya popo yamo ndani. Litupe shimoni, ufunike na udongo, mbuzi na nguruwe wasile. Embe zima lioshe, limenye, ndipo lile. Tunajua ni vigumu kuwazuia watoto wanaoamka mapema kukimbilia yaliyoanguka usiku. Amka kabla yao, au mpe mkubwa wao kazi ya kuchagua na umfundishe kutambua alama. Ukichuma maembe yakiwa magumu na kuyaivisha ndani ya gunia au majivu, popo hapati kitu na wewe unapata mengi zaidi ya kuuza.

Chombo cha mayi kiwe na kifuniko. Wagema wa masanga ya mbila nao wafunike chupa au kibuyu juu ya mchikichi. Katika nchi ya Bangladesh, tangu mwaka 2001, watu wamekuwa wakiugua na kufa kwa ugonjwa unaoitwa Nipah kwa kunywa mayi matamu ya mtende mbichi yaliyolambwa na popo usiku. Huku kwetu Nipah haijaonekana kwa watu. Lakini kufunika kibuyu hakuna bei.

Juu ya nyama. Hatuwezi kujifanya hatujui kwamba popo analiwa Kisangani, na hatupendi kumgombeza mama ambaye hakuwa na kitu kingine cha kutia katika sombe. Lakini tungependa uache. Hatari kubwa si sahani, ni kisu: damu mbichi, matumbo, mikono yenye vidonda vya jembe. Nyama iliyochemshwa sana virusi vinakufa. Aliyekwisha kuipasua amekwisha kugusa damu, na mara nyingi aliyeipasua ni mama au binti. Mama mwenye mimba asipasue popo hata mmoja, wala anayenyonyesha. Popo aliyekutwa amekufa au mgonjwa asiliwe na mtu yeyote, wala asipewe mbwa. Samaki wa mtoni, maharagwe, karanga na mayai ya kuku vinajenga mwili wa mtoto kama nyama ya popo, na hukosi vyote kwa siku moja.

MTOTO AKIUMWA

Popo akimwuma mtoto, au akimkwaruza, hata alama ikiwa ndogo kama ya sindano, fanya hivi mara moja. Osha mahali pale kwa sabuni na mayi mengi yanayomiminika, dakika 15. Ni muda mrefu kuliko unavyofikiri. Mtoto atalia, endelea. Usitie mafuta ya gari, wala majivu, wala jiwe jeusi. Usifunge kwa nguvu. Kisha njoo kwenye kituo cha afya siku ileile, useme wazi: ni popo. Usione haya.

Sababu ni kichaa cha mbwa. Huku kwetu kinatoka karibu siku zote kwa mbwa, si kwa popo. Lakini popo wa Afrika wana virusi ambavyo ni ndugu zake. Mwaka 2007 mwanamke mmoja wa Uholanzi alikwaruzwa usoni na popo mdogo alipokuwa safarini kule Tsavo, Kenya. Lilikuwa jambo dogo, hakupata chanjo. Baada ya wiki chache, amerudi kwao, aliugua na kufa. Dalili zikishaanza hakuna dawa. Kabla hazijaanza, kuosha na chanjo vinaweza kumwokoa mtu.

Popo aliyeanguka chini usimshike kwa mkono mtupu. Mfunike na ndoo, waite watoto ndani, na jioni mtu mzima amtie juu ya koleo au kipande cha mbao na kumweka kwenye shina la mti. Popo wengi hawawezi kuruka kutoka chini. Anahitaji kupanda kwanza ndipo aachie.

POPO WALIO DARINI

Kuwatoa inawezekana bila kuua. Kwanza kaa nje jioni, saa kumi na mbili, uone wanatokea wapi. Mara nyingi ni tundu moja au mawili, pale mabati yanapokutana na ukuta. Usizibe siku hiyo. Ukiziba wakiwa na watoto ndani, watoto watakufa darini na harufu itakutoa wewe kabla ya popo. Sikiliza mchana: kama kuna sauti nyembamba nyingi, ni watoto, ngoja wiki sita mpaka nane. Kisha tundika kipande cha wavu au cha gunia jepesi juu ya tundu, kimefungwa juu na pembeni, wazi chini, kinaning'inia kiasi cha mkono mmoja. Popo akitoka anateremka na kupita chini yake, lakini akirudi hajui kuingia. Wakati huohuo ziba matundu mengine yote kwa udongo au saruji. Acha hivyo siku tano, sita. Jioni ambayo hakuna anayetoka, ziba na lile la mwisho.

Mavi yao usiyafagie yakiwa makavu. Vumbi lake linaweza kuwa na kuvu inayoingia mapafuni na kuleta kikohozi kirefu ambacho watu wanakidhania kuwa kifua kikuu. Fungua milango na madirisha, watoto na mama mwenye mimba watoke nje. Mtu mzima mwenye nguvu ajifunge kitambaa puani na mdomoni, avae mifuko mikononi, anyunyize mayi yenye javeli mpaka mavi yalowe, angoje kidogo, ndipo ayazoe na kuyazika. Nguo alizovaa zifuliwe peke yake.

Na mwembe? Usiukate. Punguza matawi yaliyo juu ya kisima, juu ya jiko la nje na juu ya mahali unapoanika mihogo. Yaliyobaki yaache. Kama hujui ni tawi gani, popo wenyewe watakuonyesha: tazama chini asubuhi, mahali maganda na mbegu zilipoanguka.